Katheta ya Vena Kuu kwa Mtoto Mchanga

Wodini tumezoea kusema "mpira": mpira wa mkojo, mpira wa kulishia. Neno hilo linatosha pale ambapo shida iko mahali mpira unapoingilia. Kwa mtoto njiti aliyewekewa mpira unaofika jirani na moyo halitoshi, kwa kuwa hatari kubwa iko kwenye ncha, nayo haionekani.

Istilahi ninayoitetea ni katheta ya vena kuu. Wapo wasemao "vena ya kati", lakini "kati" humpeleka msomaji katikati ya mwili. "Kuu" humpeleka kwenye vena kava, mishipa miwili inayorudisha damu moyoni. Katheta yaweza kuingilia mkononi, mguuni au kitovuni. Ukuu wake hutokana na inapoishia.

Kitovu ni mlango wa mtoto mchanga pekee. Kina ateri mbili na vena moja, na vena hiyo hupitika kwa siku chache baada ya kuzaliwa. Katheta hupita humo hadi kwenye ini, ikavuka mfereji mwembamba uitwao daktasi venosasi, ikatokea vena kava ya chini. Ikiukosa mfereji huo hubaki ndani ya ini, na dripu ya lishe, iliyo nzito kwa sukari, ikivujia pale huliunguza. Ikipitiliza hadi moyoni huweza kuvuruga mapigo, au dripu ikala ukuta wa moyo na kupenya hadi kwenye mfuko unaouzunguka. Moyo hubanwa, ukashindwa kujaa damu. Hali hii naiita mkabo wa moyo, kwani ndivyo inavyoua: mtoto aliyekuwa ametulia hubadilika ghafla. Kwa mtoto wa kilo moja, mwenye damu yapata mililita 80 hadi 100 mwilini mwote, mililita chache zilizojikusanya pale zinatosha. Maji hayo yakivutwa upesi kwa sindano, anaweza kupona.

Maambukizi, hasa ya bakteria watokao kwenye ngozi, na damu kuganda hutokea mara nyingi zaidi, na madaktari huyatazamia. Kinachosahaulika ni kwamba ncha huhama. Mtoto akikunja mkono, katheta ya mkononi husogea. Kitovu kikinyauka, ya kitovuni nayo hubadili mahali. Eksirei ya siku ya kwanza haiwezi kuitetea katheta ya siku ya nne. Faili la mtoto liandike ncha iko usawa gani, na ilithibitishwa lini.