Karantini: Istilahi Iliyozuia Meli Bila Kutangaza Vita

Mswahili akisikia neno karantini, mawazo yake huenda moja kwa moja kwenye maradhi. Mfugaji anajua kwamba ugonjwa wa miguu na midomo ukiingia, mnada hufungwa na ng'ombe hawatoki wilayani. Msafiri aliyetua Nairobi mwishoni mwa Machi 2020 anakumbuka siku 14 za kufungiwa hotelini. Zanzibar wana Changuu, kisiwa ambacho Waingereza walikifanya kituo cha karantini kwa abiria wa meli. Na asili ya neno ni huko huko baharini: limetoka Italia, kwenye siku 40 ambazo meli zilitakiwa kungoja kabla ya kushusha watu na shehena Venice.

Basi anayesoma kwamba Oktoba 1962 Marekani iliiwekea Cuba karantini ana haki ya kuuliza: kwa ugonjwa gani?

Oktoba 14 mwaka huo, ndege ya upelelezi ya U-2 ilipiga picha karibu na San Cristóbal, magharibi mwa Cuba. Picha zilionyesha Wasovieti wakijenga vituo vya makombora ya nyuklia yenye uwezo wa kufika Washington. Wakuu wa majeshi walitaka vituo vipigwe mabomu mara moja. Rais John F. Kennedy akaona heri aanze kwa kuzizuia meli. Hapo sheria ikamkabili. Kuziba bandari za nchi nyingine kwa manowari ni mzingiro, na mzingiro ni tendo la vita. Anayewekewa ana haki ya kujibu kwa silaha, na aliyekuwa nyuma ya Cuba alikuwa na silaha za nyuklia.

Wanasheria wa serikali wakashauri litumike neno jingine. Rais Franklin Roosevelt alikuwa amelitumia tayari, Chicago mwaka 1937, aliposema kwamba nchi zinazoeneza vita zinafaa kutengwa kama wagonjwa wanavyotengwa. Kennedy akalichukua katika hotuba yake ya Oktoba 22, akasema karantini hiyo ni ya silaha za kushambulia tu. Chakula na mahitaji ya watu yapite. Kesho yake Umoja wa Nchi za Amerika ukaiidhinisha. Oktoba 24, saa nne asubuhi ya Washington, ikaanza kazi.

Nikita Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, hakulikubali jina hilo hata kidogo. Katika barua yake kwa Kennedy aliyaita matendo hayo uharamia wa baharini.

Hata hivyo tofauti ya maneno ilionekana majini. Meli ya mafuta ya Kisovieti, Bucharest, iliachwa ipite bila kupekuliwa. Oktoba 26 mabaharia wa Marekani walipanda Marucla, meli yenye bendera ya Lebanon iliyokodiwa na Wasovieti, nahodha wake Mgiriki. Ilichaguliwa makusudi, maana haikuwa mali ya Moscow na kuipekua kusingemdhalilisha Khrushchev. Wakakagua shehena, wasione silaha, wakairuhusu iende zake. Chini ya mzingiro wa kweli, isingefika Cuba.

Lakini istilahi haizuii kila hatari. Oktoba 27 manowari za Marekani ziliirushia nyambizi ya Kisovieti B-59 mabomu madogo ya kuilazimisha ipande juu. Wamarekani hawakujua kwamba ndani yake mlikuwa na torpedo ya nyuklia. Huko chini joto lilikuwa kali, mawasiliano na Moscow yamekatika, na nahodha aliamini huenda vita vimekwisha kuanza. Kwa simulizi za waliokuwamo, ofisa Vasili Arkhipov ndiye aliyemtuliza, na nyambizi ikaibuka. Siku hiyo hiyo U-2 ilidunguliwa juu ya Cuba na rubani wake, Rudolf Anderson, akafa.

Oktoba 28 Khrushchev alitangaza kuyaondoa makombora. Kwa siri, Kennedy naye alikuwa ameahidi kuondoa yale ya Marekani yaliyokuwa Uturuki.

Kwa Kiswahili, wapo wanaoandika kwamba Kennedy aliiwekea Cuba mzingiro, na wapo wanaopenda vikwazo. Vikwazo hupotosha kabisa: hilo ni neno la kuzuia biashara na fedha, na Cuba ilikuwa imekwisha kuwekewa hivyo tangu Februari 1962. Mzingiro unaeleza vizuri manowari zilifanya nini, ila unamvisha Kennedy neno ambalo alilikwepa kwa makusudi, na msomaji hatajua kwa nini vita havikuzuka. Karantini ya baharini ndiyo tafsiri ya haki, mradi mwandishi aeleze mara moja kwamba hapa hapakuwa na maradhi. Mzingiro ubaki kwa wanahistoria wanaotaka kusema, kwa hukumu yao wenyewe, kwamba lile lilikuwa tendo la vita lililopewa jina la upole. Wafasiri na watunzi wa vitabu vya kiada wasiyachanganye mawili haya katika sentensi moja.