Kiwanda cha Nyumba

Neno kiwanda, ambalo msomaji wa leo hulihusisha na mitambo na moshi, katika nyumba za mawe za Lamu ni jina la ua wa ndani usioezekwa, unaoingiza mwanga na hewa katika jengo lililobanwa na majirani. Yaelekea lina udugu na uwanda, yaani mahali peupe palipo tambarare, na maana ya karakana ilizuka baadaye. Kwa kuwa dari hubebwa na boriti, yaani miti ya mikoko ambayo urefu wake hauruhusu upana wa chumba kuzidi takriban mita 3, nyumba hupangwa kwa misana, kumbi ndefu na nyembamba zinazofuatana, zote zikitegemea nuru ya kiwanda. Mgeni hutoka daka, kibaraza cha mlangoni, akapita tekani, ukumbi mdogo unaopindisha njia ili jicho la mpita njia lisifike ndani. Msanifu wa leo, ambaye katika kiwanja chembamba huacha vichochoro viwili pembeni visivyomfaa mtu (isipokuwa paka), angefanya vyema kuikusanya nafasi hiyo katikati.