Waya wa Besi: Kutoka Meza ya Simu hadi Kinanira

Katika Kinanira, mtaa wa makazi ulioko kusini mwa Bujumbura, aghalabu siku za Jumamosi harusi zinapopamba moto na Jumapili kwaya zinaposimama, sauti inayotangulia kumfikia mpita njia aliye nje ya ukuta si ya mwimbaji, wala si ya gitaa la solo, bali ni ya besi, maana mawimbi ya sauti nzito hupenya kuta na kuzunguka pembe za nyumba mahali ambapo sauti nyembamba hukoma. Wasikilizaji husifu vidole vya mpigaji, na wapigaji wenyewe hubishana juu ya magitaa na wati za amplifaya. Lakini ule waya utokao kwenye amplifaya ukaingia katika sanduku la spika, ambao pasipo huo wati zote hizo hazina faida, hauulizwi habari zake. Naona ni dhuluma, kwa kuwa waya huo na vichwa vyake vina tarikhi ya zaidi ya karne moja, nayo ni tarikhi ya kifaa kilichoazimwa kutoka kazi nyingine kikatwikwa mzigo ambao hakikuumbiwa.

Burundi ilikuwa na sauti kubwa na sauti ndogo kabla ya kuwa na umeme. Ngoma za kifalme, ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, zilisikika kutoka kilima hadi kilima kwa nguvu za mirisho, yaani fimbo za kupigia, na mikono, ilhali mpigaji wa inanga, ala ya nyuzi, hunong'ona maneno yake karibu na nyuzi, na hadhara ikanyamaza ili imsikie. Mushkili ulianza pale gitaa lilipotiwa umeme na kontrabasi, ala ile kubwa ya kusimama iliyotumiwa pia na bendi za Léopoldville (Kinshasa ya leo) katika miaka ya 1950, ikabaki na sauti ya mti mtupu. Huko Marekani mpiga kontrabasi Everett Hull alikwisha kutia maikrofoni ndani ya mguu wa ala hiyo, na kwa hila hiyo ndivyo kampuni ya Ampeg ilivyozaliwa. Kisha mwaka 1951 Leo Fender akatoa gitaa la besi la Precision, na mwaka uliofuata amplifaya ya Bassman. Ala hizo zikaenea ulimwenguni, zikaingia katika rumba ya Kongo, zikavuka mto Ruzizi, hata redio ya taifa ya Burundi ikawa na bendi yake, Amabano.

Watengenezaji wa amplifaya hizo za awali walihitaji kiunganishi kilicho rahisi na kilichopatikana tele, nao wakakikuta tayari: ile plagi ya jeki yenye unene wa milimita 6.35, iliyobuniwa katika karne ya 19 kwa ajili ya meza za kuunganishia simu, ambako mabinti wa simu waliichomeka na kuichomoa mchana kutwa. Kwa kazi ile ilikuwa kifaa adhimu, maana mkondo wa simu haufiki hata sehemu moja ya kumi ya ampea. Bassman ya kwanza nayo ilikuwa na nguvu chache, na jeki ikaustahimili mzigo wake bila kulalamika. Kosa, kwa rai yangu, halikuwa katika kuiazima, bali katika kuiacha palepale wati zilipoongezeka. Kwani mwaka 1969 Ampeg ilitoa SVT yenye wati 300, ikasafiri na Rolling Stones katika ziara yao ya Marekani, na wati 300 zikipita katika spika ya omu 4 hudai mkondo unaokaribia ampea 9. Jeki, ambayo hugusana na mwenziwe kwa nukta ndogo tu ya chuma, ilipewa sasa kazi ya takriban mara mia ya ile iliyozaliwa nayo.

Hatari ya pili ya jeki ni kubwa zaidi, nayo ni kwamba tundu la gitaa na tundu la spika hufanana kabisa. Waya wa gitaa una uzi mwembamba wa shaba katikati, uliozungukwa na wavu wa kuzuia mvumo, kwa sababu hubeba ishara dhaifu mno. Waya wa spika hauhitaji wavu, unahitaji unene. Mtu akiwa na haraka huchukua wowote ulio karibu, na sauti hutoka, kwa hiyo hajui alilolifanya. Na tufanye hisabu. Waya wa mita 10, wenye uzi wa shaba wa milimita mraba 0.22 kwenda na kurudi, una ukinzani wa omu 1.5 na ushei; mbele ya spika ya omu 4, zaidi ya robo ya nguvu yote huishia ndani ya waya, ikawa joto. Waya wa milimita mraba 2.5, yaani unene uleule ambao mafundi hutumia kwa soketi za nyumba, hupoteza takriban sehemu 3 katika 100. Waya ukiwa wa mita moja na nusu tu, kama ilivyo aghalabu, hasara hupungua sana, na kwa hiyo sioni maana ya kulipia nyaya za anasa zilizopakwa dhahabu; hata hivyo joto hubaki, na waya mwembamba ulioviringishwa nyuma ya amplifaya ya wati nyingi unaweza kuyeyusha ngozi yake. Fauka ya hayo, jeki ikichomolewa nusu huku muziki ukiendelea huweza kugusanisha pande mbili za mkondo, na amplifaya ya transista isiyo na kinga ikaungua papo hapo.

Dawa ilitoka Liechtenstein, nchi ndogo ya milimani, ambako kampuni ya Neutrik ilianzishwa mwaka 1975 katika mji wa Schaan. Mwaka 1987 ilitoa kiunganishi cha Speakon, ambacho huingizwa kikazungushwa mpaka kikajifunga, ambacho vyuma vyake vimefichwa vidole visivifikie, na ambacho, hili ndilo la maana kuliko yote, hakiingii mahali popote ila kwenye tundu la spika. Chenye njia 4 hupitisha ampea 30 na zaidi kwa raha. Leo amplifaya nyingi za besi huwa nacho kando ya jeki, na mwenye kuchagua kati ya matundu hayo mawili hana sababu ya kusita.

Imebaki shaba yenyewe. Bujumbura imekaa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika kutoka nchi iliyolisha ulimwengu shaba, kwani Union Minière iliyoundwa mwaka 1906 iliichimba Katanga, na kabla yake wenyeji walikwisha kuifua kuwa misalaba ya kununulia na kuolea. Ni jambo la kusikitisha basi kwamba nyaya nyingi za bei rahisi zinazouzwa katika masoko yetu ni alumini iliyopakwa shaba juu, ambayo ukinzani wake huzidi wa shaba kwa takriban nusu, na ambayo hukatika upesi ikikunjwakunjwa. Mnunuzi na akwangue ncha kwa kisu: ikiwa ndani ni nyeupe, aurudishe. Auinue pia mkononi, maana shaba ina uzito zaidi ya mara tatu ya alumini. Akiupata ulio halisi, wa nyuzi nyingi laini ili ukunjike bila kuvunjika, na wa milimita mraba 2.5, basi Speakon haidai lehemu wala moto; aghalabu ina skurubu ndani yake, na bisibisi moja yatosha kuufunga, hata jioni ambayo umeme umekatika.