Antena Isiyoonekana

Marehemu baba aliniachia Morris Minor ya mwaka 1959 na wosia mmoja: bodi yake isitobolewe. Nami nilitaka redio.

Jambo hili si geni. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 magari mengi ya Marekani yalikuwa na paa lenye kitambaa katikati, na mafundi walificha wavu wa waya humo. Mwaka 1935 General Motors ilipoleta paa la chuma tupu, linalozuia mawimbi, antena zikahamia uvunguni, chini ya vibao vya kukanyagia. Nikajaribu uvunguni. Nilichosikia ni plagi zangu mwenyewe, ta-ta-ta, zikizidi kila nikikanyaga mafuta. (Fundi alicheka, sikumlaumu.)

Pontiac Grand Prix ya mwaka 1969 ilikuwa na nyaya nyembamba ndani ya kioo cha mbele, kwani kioo hupitisha mawimbi. Basi nikabandika kiooni waya wa sentimita 75, karibu robo ya wimbi la FM. Taarifa ya habari ikasikika barabara.

Mama, aliyeketi nyuma, akauliza nimetoboa wapi. Hakungoja jibu. Alishuka, akaipapasa bodi kuanzia mbele hadi nyuma.