Denge Kabla ya Filamu

Ukimtaja Denge mbele ya kijana wa Ihumwa, Dodoma, aliyemaliza kidato cha sita katika tahasusi yenye Kiswahili, hatakuuliza ni nani. Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi yenye Denge huyo, imesomwa shuleni kwa miaka mingi. Kijana huyo amekariri wahusika, migogoro na dhamira za riwaya ya visiwani, huku bandari iliyo jirani naye ikiwa ile kavu, ya makontena na mabehewa.

Filamu ya riwaya hiyo ilipokuja mwaka 2021 ilikuta watazamaji ambao tayari wana Denge wao kichwani, na hao ndio watazamaji wagumu kuliko wote.

Adam Shafi alizaliwa Zanzibar mwaka 1940. Kasri ya Mwinyi Fuad ilitoka mwaka 1978, na Wafaransa waliisoma kwa lugha yao kwa jina la Les Girofliers de Zanzibar. Kuli, yenye mgomo wa makuli wa mwaka 1948, ilifuata mwaka 1979. Vuta N'kuvute ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 1999. Humo Yasmin, binti wa Kihindi wa miaka 15, anaozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara wa makamo. Anatoroka, anapokewa na Mwajuma, kisha anaangukia mapenzi na Denge, kijana mwanaharakati anayewindwa na polisi wa mkoloni. Ni Unguja ya miaka ya 1950, ya taarabu, makaratasi ya siri na chama cha Afro-Shirazi (ASP) kilichoanzishwa mwaka 1957.

Ilipita miaka 22 kabla mtu hajaipeleka hadithi hiyo kwenye skrini. Aliyethubutu ni Amil Shivji, mwongozaji aliyekwisha kutoa filamu ya T-Junction mwaka 2017. Vuta N'kuvute ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Toronto, Septemba 2021. Gudrun Columbus Mwanyika ni Denge, Ikhlas Gafur Vora ni Yasmin, na Siti Amina, mwimbaji wa Zanzibar, ni Mwajuma. Kwa jicho langu, Siti Amina ndiye anayeipa filamu joto lake. Akitoka kwenye fremu unamngojea arudi. Mwaka uliofuata Tanzania iliipeleka kuwania Oscar ya filamu ya kimataifa, jambo ambalo nchi haikuwa imelifanya tangu Maangamizi ya Martin Mhando na Ron Mulvihill, mwaka 2001.

Wafaransa hawatosheki na filamu moja ya riwaya. Les Misérables ya Victor Hugo, ya mwaka 1862, wameirudia kwenye filamu mara nyingi: Henri Fescourt mwaka 1925, Raymond Bernard mwaka 1934, Jean-Paul Le Chanois mwaka 1958 akiwa na Jean Gabin, Robert Hossein mwaka 1982 akiwa na Lino Ventura. Kila kizazi kimepata Jean Valjean wake wa kumpenda au kumkosoa. Mtu akichukizwa na mmoja, yupo mwingine.

Sisi tunaye Denge mmoja tu, na mzigo anaobebeshwa ni mkubwa mno. Filamu ina dakika takriban 90. Riwaya ina wasaa wa kukaa uani kwa Mwajuma, kusikiliza umbea, kumzungusha Koplo Matata, kuwafuata watu hadi Mombasa na kurudi. Shivji amechagua mapenzi na siasa, akayaacha mengine yapite, na picha zake za vichochoro vya Mji Mkongwe usiku zinaeleza mambo ambayo maelezo ya ubaoni hayajapata kuyaeleza kwa mwanafunzi wa bara. Hilo ni haki yake kama msanii. Ila swali la mtihani bado linatoka kitabuni, na kijana wa Ihumwa atakayeitazama filamu kwenye simu ya kaka yake, akaona ametosheka na akafunga kitabu, atakuwa na kazi kubwa ya kumweleza msahihishaji habari za Bukheti, mhusika wa kitabuni.