Merikani: historia ya kushika kwa vidole

Haya wadau, siasa tuziweke pembeni kidogo, leo tuongee nguo.

Shuleni tulikaririshwa kwamba misafara ya karne ya 19 ilipeleka merikani na shanga bara, ikarudi na pembe za ndovu. Halafu likaja lile fundisho la chini chini: babu zetu walirubuniwa kwa vitambaa. Tukajibu mtihani, tukapata vema. Hakuna aliyetupa hata kipande cha merikani tukishike!

Mimi siku hizi najifunza nguo ikiwa mkononi. Nenda duka la vitambaa, ulizia marekani, ile pamba ambayo haijapaushwa, yenye vidoa vidoa vya mbegu. Mita moja inatosha. Jina limetokana na viwanda vya Massachusetts, ambavyo nguo zake zililetwa Unguja na meli za wafanyabiashara wa Salem. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Seyyid Said ulisainiwa mwaka 1833. Sasa chomoa uzi mmoja pembeni, ujaribu kuukata. Kisha vuta kitambaa pande zote mbili, kwenye mtande na kwenye mshindio. Nguo ngumu hiyo! Mtu anayelima na kulala na nguo ileile ana kila sababu ya kuitaka.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, 1861 hadi 1865, vikakausha mzigo. Nguo za Uingereza na India zikaziba pengo, jina likabaki. Hapa ndipo penye utamu. Viwanda vya Lancashire vilijulikana miaka hiyo kwa kupaka nyuzi wanga na udongo mweupe ili nguo nyepesi ionekane nzito. Ukitaka kuelewa ujanja huo, chukua kanga mpya iliyokakamaa, ifikiche kwenye viganja, ifue mara moja, uishike tena. Iliyobaki ndiyo nguo uliyonunua.

Unadhani mnunuzi wa Unyamwezi hakuliona hilo baada ya mvua ya kwanza? Richard Burton, aliyepita huko miaka ya 1857 hadi 1859, aliandika kurasa nyingi kuhusu nguo gani na shanga gani zinakubalika wapi. Ukibeba zisizotakiwa, umebeba mzigo wa bure. Huyo ni mteja mchaguzi, tena msumbufu, kama mama zetu pale Mtaa wa Biashara, Mombasa.

Na ujuzi wenyewe haukuja na meli. Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigae vya vyungu vilivyochongwa mviringo na kutobolewa katikati. Vilikuwa uzito wa kijiti cha kusokotea uzi wa pamba. Chukua pamba ya duka la dawa, ivute taratibu huku ukiisokota kwa vidole. Mimi nilipata uzi wa kama shubiri moja, ukakatika. Aliyevaa nguo nzima ya uzi wa namna hiyo umwuzie takataka?

Kwa nguo za leo kuna jaribio la kiberiti. Choma nyuzi mbili tatu juu ya sahani: pamba hunuka kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta huyeyuka na kuganda kama kishanga.

Swali kwenu: nani ana kaniki ya zamani ya bibi sandukuni? Hiyo usiichome, tafadhali. Nataka kuja kuishika.