Kuhama si kufukuzwa: historia ya maneno kando ya Tanganyika

 

Kila jamaa iliyotoka kwao inaulizwa swali moja wakati wa kuandikishwa: kwa nini mliondoka? Mmoja anajibu, "tulihama". Mwingine, "tulikimbia". Wa tatu, "tulifukuzwa". Na mama wa hapa kwetu atasema "walitutosha", maana yake walitutoa kwa nguvu, hata kama mtu wa Dar es Salaam akilisikia atafikiri ni habari ya kitu kisichopungua. Anayeandika orodha anawapa wote jina moja: deplase. Lakini maneno hayo hayana uzito mmoja. Historia ya kando hii ya ziwa inaonyesha kwamba mwenye kuchagua neno, mara nyingi ndiye anayeamua pia kama utarudi nyumbani ao hapana.

Tuanze na lugha yenyewe. Anayehama ameamua mwenyewe, kama mvuvi anayetoka Kalundu kwenda Baraka kufuata samaki. Anayehamishwa ameamuliwa na mwingine, na neno halisemi kama alikubali. Anayefukuzwa ana mtu nyuma yake, na mtu huyo hajali unakokwenda, mradi utoke. Kukimbia kunaonyesha miguu ya anayeondoka, lakini aliyemtisha haonekani. Kurudishwa ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu ndani yake mna dai: kwamba kwenu ni huko unakopelekwa.

Wabeleji walipenda kuhamisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakoloni waliondoa vijiji vilivyokaa karibu na maji ya Tanganyika kwa sababu ya malale. Ugonjwa ulikuwa wa kweli na uliua watu wengi. Lakini aliyeacha shamba lake na mtumbwi wake hakuulizwa, na neno "kuhamisha" lilifunika jambo hilo. Vilevile, Simon Kimbangu alipokamatwa mwaka 1921 kule Kongo ya Chini, wafuasi wake wengi pamoja na jamaa zao walipelekwa katika mikoa ya mbali. Kwenye karatasi hawakufukuzwa, kwani walibaki ndani ya koloni. Kwa mtu aliyeshushwa mamia ya kilometa kutoka kwenye makaburi ya wazazi wake, tofauti hiyo ilikuwa ya karatasi tu.

Zamani za Zaire, neno lililotawala ni kurudisha. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walitolewa Likasi na Kolwezi kwa makumi ya maelfu. Wengi walizaliwa Katanga, hata hivyo waliitwa kwa neno la Kifaransa lenye maana ya "waliorudishwa nyuma". Mtoto aliyezaliwa Likasi anarudishwaje mahali ambapo hajafika hata siku moja?

Swali hilo lilifika kwetu. Tarehe 28 Aprili 1995 bunge la mpito la Kinshasa lilipitisha azimio lililowaweka Banyamulenge katika fungu moja na wakimbizi wa kurudishwa Rwanda na Burundi. Agosti mwaka ule ule wanajeshi wa Zaire waliingia katika kambi za wakimbizi, na watu wapata 15,000 walivushwa mipaka kwa nguvu ndani ya siku chache. Serikali iliita jambo hilo kurudisha. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unasema wazi kwamba mkimbizi harudishwi pasipo hiari yake. Pasipo hiari, kurudisha ni kufukuza kulikovalishwa nguo safi.

Mwanzoni mwa Oktoba 1996, naibu gavana wa Kivu ya Kusini aliwapa Banyamulenge juma moja waondoke nchini. Hapo nguo ile ilivuliwa. Tarehe 24 Oktoba Uvira ilianguka mikononi mwa waasi, na kambi za wakimbizi kandokando ya mji zikatawanyika.

Kuanzia hapo karibu kila jamaa ya sehemu hii imepata zamu yake. Wengi walivuka ziwa kwa mitumbwi mpaka Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo wa 1996 kwa ajili ya Wakongomani. Mauaji ya Makobola, mwisho wa 1998 na mwanzo wa 1999, yaliwatoa Babembe na wengine. Mwaka 2004 Banyamulenge waliokimbia Uvira waliuawa kambini Gatumba usiku wa tarehe 13 Agosti, zaidi ya watu 150. Hakuna kabila hapa linaloweza kusema neno "kufukuzwa" ni lake peke yake, na hakuna linaloweza kuambiwa halijui maana yake.

Sasa tuangalie "kukimbia". Februari 2025 vita viliposhuka kutoka Bukavu kuja bonde la Ruzizi, maelfu kwa maelfu walivuka mto kuingia Burundi, na wengi walilala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Desemba 2025 vita vilifika Uvira yenyewe na watu wakavuka tena. Jamaa moja inaweza kugawanyika hivi: baba amebaki upande huu wa mto, mama na watoto wako upande ule. Baba ni deplase, mama ni mkimbizi. Wamekimbia risasi zile zile, lakini mpaka umewapa majina mawili na sheria mbili: mama analindwa na mkataba wa Geneva wa 1951, baba anaangaliwa na mkataba wa Kampala wa mwaka 2009, unaohusu watu waliohama ndani ya nchi yao.

Tena kuna walioondolewa na maji. Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika na kubomoa nyumba nyingi mjini Uvira, na miaka hiyo ziwa nalo likapanda na kumeza parsele za kandokando. Hawa hawakufukuzwa na mtu. Lakini siku maji yakishuka, akitokea mtu akaweka mpaka katika parsele yako, ao ukaambiwa usirudi pasipo kupewa pengine pa kukaa, kitendo kimegeuka na neno ligeuke pia. Ibara ya 34 ya Katiba yetu ya 2006 inasema mtu hanyang'anywi mali yake isipokuwa kwa faida ya wote, na kwa fidia ya haki iliyolipwa mbele.

Ibara ya 30 ya Katiba hiyo inatusaidia zaidi. Inakataza mambo matatu kwa Mkongomani yeyote: asifukuzwe nchini, asilazimishwe kwenda uhamishoni, na asilazimishwe kuishi nje ya makao yake ya kawaida. Walioiandika walijua kwamba ukifunga mlango mmoja tu, mwenye nguvu atapita kwa mwingine. Ukikataza kufukuza, atasema anahamisha.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mnapoulizwa, msijibu "tulihama" kwa sababu ya kuchoka ao kwa adabu. Kiswahili chetu kinaruhusu kusema "tulitolewa" na kunyamaza hapo, bila kumtaja mtendaji. Mkiona hakuna hatari kwenu, mtajeni: tulitolewa na nani, siku gani, kutoka mtaa gani, parsele ikipakana na ya nani. Waelezeni watoto pia, hasa wale waliozaliwa Nyarugusu ao Burundi. Siku ya kudai kiwanja itakapofika, atakayeulizwa huenda ni wao. Jamaa iliyoandikwa kwamba ilihama itaulizwa kwa nini inataka kurudi. Iliyoandikwa kwamba ilifukuzwa, wa kuulizwa ni aliyeifukuza.